Mapambo Yaliyonyweka

Leo nimekausha vipande vya machungwa kwenye oveni, na harufu yake imenirudisha kwenye chumba chetu kimoja kule Eastlands, Nairobi.

Krismasi ile mama alikata machungwa duara nyembamba, tukayapanga kwenye bati juu ya jiko la makaa. Mimi na dada yangu tuliyageuza siku nzima hadi vidole vikanata. Yalipokauka, ukiyainua dirishani mwanga ulipenya. Tukayafunga kwa uzi kwenye tawi tulilolifanya mti wa Krismasi, tukakimbia kuwaita watoto wa majirani wa ploti yetu waje waone.

Tuliporudi, shosho, mama yake mama, alikuwa amefika kutoka kijijini, ushago. Tawi lilikuwa tupu, na yeye alikuwa anashuka kwenye stuli. Sufuria ya chai ilikuwa inachemka, machungwa yetu yakielea ndani.

"Mama yenu ana akili," akatuambia. "Viungo vya chai ametundika juu, panya wasifike!"

Nilitaka kulia. Mama akanikazia macho, akaonja chai ile ya rangi, kisha akamnyooshea shosho kikombe. "Mama, niongeze."

Tukanywa mapambo yetu yote, sisi na watoto wa ploti, tukibana vicheko.

Mti wangu sasa umependeza. Kipande kimoja nimekifunga chini kabisa, pale shosho angekifikia bila kupanda stuli.