Rafu Nilizozichana

Kosa langu la kwanza nilipoanza kusomea nyumbani lilikuwa kuchana rafu, yaani kurasa za kwanza zenye makosa. Nilikuwa na miaka kumi na mitatu. Baba, mwanajeshi wa Marekani, alikuwa bado Ujerumani. Mama na mimi tulitangulia kurudi Marekani, mjini Silver Spring, jimbo la Maryland. Kule kambini Ujerumani mama alinifundisha mezani na hakuna aliyetukagua. Huku Maryland mama alitia sahihi fomu ya kaunti ya kusomea nyumbani, na mkaguzi angetaka kuona kazi zangu. Asiporidhika tungepewa siku thelathini za kurekebisha. Tukishindwa, ningepelekwa shule.

Shule niliiogopa kwa sababu moja tu: ningekosea mbele za watu.

Mama alikwenda zamu kwenye nyumba ya wazee. "Saa za shule usionekane nje," aliniambia. "Polisi watauliza." Basi nilibaki na dirisha na daftari. Mama alisoma Kakamega, Kenya, ambako kazi huandikwa rafu kwanza, kisha safi. Nami nikanakili safi. Herufi moja ikipinda, ukurasa mzima upya. Rafu nilizichana vipande viwili, nikatupa.

Mkaguzi, mwanamke mpole, alitukuta maktabani. Akafungua faili, akageuza kurasa, akaniangalia.

"Hii ya Septemba na hii ya Novemba, uliandika siku moja?"

Wino mmoja, bila kosa, bila tarehe. Akaandika kwamba haitoshi.

Garini mama alisema, "Umefua daftari kama shuka za hospitali. Nani atajua uliwahi kulala humo?"

Nililia hadi nyumbani. Yeye akafungua droo ya jikoni. Kumbe vipande vyangu alikuwa akiviokota kwenye pipa, na migongoni akaandika zamu zake na vitu vya kununua. Zamu zina tarehe. Tukaviunga kwa gundi: mbele hesabu niliyoikata mara nne, nyuma "Jumanne tarehe nne, saa moja mpaka saa tisa. Sukuma, vitunguu."

Mara ya pili mkaguzi alisoma mbele na nyuma.

"Na hii sukuma ni somo gani?"

"Ni mboga. Somo la afya," mama akajibu bila kupepesa macho.

Tukapita. Nilifurahi mpaka kwenye lifti ya jengo letu, nikakumbuka kwamba kupita maana yake ni dirisha lilelile mpaka Juni, mwaka wa shule uishe. Nililitaka mwenyewe, kwa hiyo sikuwa na wa kumlalamikia.

Sasa mimi ni mtu mzima, natoka nje saa yoyote. Kunakili bado nanakili, ukurasa huu mara saba. Lakini rafu sichani, na kila moja ina tarehe.