Mke Wangu Anamficha Mwanetu Daktari Ugonjwa Wake

Ndugu msimamizi wa ukurasa, ninaomba jina langu lisitajwe. Nina umri wa miaka sitini na minane, ni mwalimu mstaafu, ninaishi Rahaleo hapa Mtwara. Asili yetu ni nyanda za juu. Ualimu ndio ulionileta huku, na watoto wote nimewapatia huku. Sikuzoea kuweka mambo ya nyumbani kwangu hadharani, na anayetaka kunicheka ninamwomba apite. Nimekosa mtu wa kumwambia.

Mtoto wetu wa mwisho, ambaye hapa nitamwita Daudi, ni daktari. Amefanya kazi miaka kadhaa katika kituo cha afya huko chini, karibu na mahali mto Ruvuma unapoingia baharini. Mwaka juzi alikuja nyumbani, hakula. Alisema, "Baba, nimemtibu mtoto mmoja malaria mara nyingi sana. Jana nimemfuata kwao, nikasikia harufu. Bibi yake alikuwa chumba cha pili, mguu umeoza, na siku zote hizo hakuna aliyenitajia. Nimepiga magoti palepale. Mungu ananitaka nisomee kutibu nyumba nzima, si mtu mmoja aliyeletwa mbele yangu."

Ndivyo alivyoamua kusomea ubingwa wa udaktari wa familia. Watu hawakuuelewa. Mzee mwenzangu wa kanisa, ambaye ni mfanyakazi wa bandarini, aliniuliza mbele za watu, "Mwalimu, wenzake wanasomea mioyo na mifupa, yeye anakwenda kusomea mashemeji?" Nikamjibu, "Atasomea watu kama wewe, wanaoumwa huku wanacheka." Daudi aliomba nafasi, akakosa. Akaomba tena, akakosa. Mwaka huu amepata, katika mkoa wa mbali. Jumapili ijayo kanisa litamwekea mikono, na Jumatatu alfajiri anapanda basi.

Sasa nieleze kinachoninyima usingizi. Miezi michache iliyopita niliona mke wangu ameacha kutwanga. Ndoo anainyanyua kwa mkono wa kushoto, na akilala hageuki upande wangu. Nikamuuliza, akanijibu kwamba ni uzee. Siku moja nilimkuta uani akifua vitambaa alivyokata katika kanga kuukuu, navyo vina madoa. Nikasimama, nikamwambia siondoki mpaka nielezwe. Akanipeleka chumbani, akafunua kifua. Titi la kulia lina uvimbe mgumu kama jiwe, ngozi imevutika kwa ndani, na pembeni pana kidonda.

Nilisema, "Mtoto wako ni daktari, na wewe umekaa na kitu hiki?"

"Ndiyo sababu nimekaa nacho," akasema. "Titi hili nilimnyonyesha. Leo nimfunulie alipapase?"

"Basi twende hospitali, atakuona mtu mwingine."

"Mwingine yupi, Mwalimu? Hapa mjini manesi wote wanamwita kaka. Kabla sijafunga vifungo, yeye ameshapigiwa simu."

Nikamwambia kwamba aibu haina nafasi mahali penye kifo. Hapo ndipo akalia, akanieleza jambo ambalo sikuwahi kulisikia katika ndoa yetu yote. "Nilizika wawili kabla yake. Nilipopata mimba yake nilimwambia Mungu, huyu akiishi ni wako. Ameishi. Mungu amemwita, naye ameitika. Akijua ninaumwa hatakwenda, unamfahamu. Nimnyang'anye Mungu kitu nilichompa mwenyewe, kwa sababu ninaumwa?" Akaniapisha kwa Biblia nisimwambie. Akaahidi kwamba basi likishaondoka, tutakwenda hospitali yoyote nitakayotaka. Nikamuuliza kama anasema kweli. Akafuta machozi, akacheka: "Unataka unipe na mtihani?" Kisha akaacha kucheka. "Ukimwambia, sitakwenda kabisa. Nitafia humu ndani."

Jumapili iliyopita Daudi alikula chakula cha mchana nasi. Akaona mama yake anapakua kwa mkono wa kushoto. "Mama, huo mkono vipi?"

"Nimeulalia vibaya."

"Njoo nikupime, bure kabisa."

"Kapime wagonjwa wako huko, mimi nina wali unaungua!"

Wote tukacheka. Hata mimi nilicheka, Mungu anisamehe.

Nilipomsindikiza kwenye bajaji, alinishika bega, akasema, "Baba, mama nikimuuliza ananitania. Wewe sijawahi kukusikia ukisema uongo. Ana nini?" Nilitazama chini. Nikamwambia, "Nenda, mwanangu, Mungu akutangulie." Akanitazama sana, kisha akapanda. Sikusema uongo, lakini kweli pia sikuisema.

Nikinyamaza, mwanangu atakwenda kufundishwa namna ya kuingia katika nyumba za watu na kuwaona waliofichwa, huku mama yake anaoza kwetu. Nikisema, nitavunja kiapo, naye ataiacha nafasi aliyoiomba kwa machozi, na huenda mama yake akakataa tiba kwa hasira. Nimeomba, nimefunga, sijapata jibu. Mchungaji siwezi kumwendea, kwa maana mkewe ni muuguzi.

Sitaki kuambiwa nivumilie. Ninawauliza hasa ninyi mliofiwa na mama zenu, kisha mkaja kujua kwamba baba alikuwa anafahamu tangu mwanzo akanyamaza: mliweza kumsamehe? Na wewe mama unayesoma hapa, mumeo angekuvunjia kiapo ili uishi, ungemtazama tena usoni? Nijibuni kabla ya Jumapili, niamue kufungua kinywa au kukifunga.