Mistari Mitatu ya Penseli

Shangazi yangu ana miaka ishirini na sita akigawa dawa katika duka lililo mkabala na zahanati. Wenzake humwita Mpelelezi, maana kila saa ya chakula hujichimbia katika chumba cha nyuma, kati ya maboksi, na riwaya ya upelelezi. Akishamtambua muuaji, huandika kwa penseli ndani ya jalada la nyuma: tarehe, mshukiwa, na ukurasa aliomtambulia. Kisha hunipa mimi kitabu, na ole wangu nichungulie nyuma kabla sijamaliza. Ndivyo alivyonilea tangu mama alipofariki.

Riwaya za uchawi na falme za kubuni huzisoma Jumapili tu. "Kule mtu akinywa sumu, kuna chemchemi ya kumfufua," aliwahi kuniambia. "Kwenye upelelezi aliyekufa amekufa. Hizo ndizo zinazofanana na kazi yangu, mwanangu." Mimi nazipenda za falme. Labda kwa sababu humo msichana mwoga hupewa upanga, na watu wote wakanyamaza akisema.

Wiki iliyopita alinipa kitabu cha jaji mstaafu aliyetiliwa sumu kwenye chai.

"Kipya hiki," alisema. "Kimenitoa jasho."

Jalada lilikuwa na alama ya kikombe changu mwenyewe. Nilikuwa nimekisoma mwaka jana. Nikafungua nyuma.

Januari mwaka jana: *Daktari, uk. 41.* Kweli, muuaji ni daktari. Machi mwaka huu: *Mjukuu wa jaji, uk. 130.* Na mstari wa tatu, wa juzi, mwandiko umelala: *Bado simjui, uk. 212.*

Kitabu kina kurasa mia mbili na kumi na mbili. Daktari anakiri ukurasa wa 209.

Nikaanza kuunganisha dalili, kama vitabu vilivyonifundisha, huku nikiomba nikosee. Funguo ndani ya friji. Chumvi mara mbili. Na Jumatatu, nilipompelekea chakula, mama mmoja alikuwa amerudi na chupa ya dawa ya mtoto.

"Dada, leo umeandika vijiko vitatu. Siku zote ni kimoja."

"Nilitaka kuona kama uko macho!" shangazi akajibu.

Duka zima lilicheka, na mimi pia. Sikumwona akibadilisha namba kabla mama yule hajaondoka na chupa.

Jioni nilimwekea kitabu mezani, nyuma kukiwa wazi. Aliisoma mistari mitatu kwa muda mrefu.

"Huu wa mwisho kaandika nani?"

"Wewe, shangazi."

Akavua miwani. "Umemwambia nani?"

"Sijamwambia mtu."

"Basi wewe mpelelezi mbovu. Unamjua mtuhumiwa, halafu unamwacha aende kazini?" Alijaribu kucheka. "Kesho nitamwambia bosi mwenyewe. Niachie."

Asubuhi alitoka chumbani akiimba, koti jeupe limepigwa pasi, kitabu kwapani.

"Nimekiokota mezani. Umeshakisoma? Usithubutu kunitajia muuaji!"

Nilimfuata hadi kazini. Kwenye benchi watu walikuwa wanangoja. Wa kwanza alikuwa baba mwenye mtoto aliyefunikwa taulo. Shangazi akanyoosha mkono kupokea karatasi ya daktari. Mimi, ambaye chuoni wahadhiri walinitaka nirudie mara tatu ili wanisikie, nikaweka kiganja juu ya karatasi ile.

"Usimhudumie, shangazi."

Watu wote wakanyamaza. Shangazi akanitazama, kisha akautazama mkono wake.

"Ukurasa wa ngapi?" akauliza taratibu.

"Wa mwisho."

Akaanza kufungua vifungo vya koti. Bosi akatoka ofisini, na nikamweleza yote, hadi yule mama wa Jumatatu na vijiko vitatu.

"Mama huyo anakaa wapi?" bosi akauliza. "Nani anamjua?"

Wenzake wakatazamana. Ni mteja wa Mpelelezi, wakasema, hahudumiwi na mwingine.

Tukamgeukia shangazi. Alikuwa amefumba macho, midomo ikicheza, anatafuta.