Mwalimu Naye Huuguzwa

Siku ile naikumbuka vizuri, mwanangu, maana nilisimama mbele ya watoto, nikafungua kinywa niwasalimie, na sauti haikutoka. Ilitoka pumzi tu, kama ya mtu anayepuliza moto wa kuni mbichi. Watoto wa darasa la kwanza wakadhani ni mchezo mpya. Wote wakanijibu kwa kupuliza.

Nilikuwa bado msichana, nimetoka chuo cha ualimu, Mhaya wa ng'ambo ya ziwa niliyezoea migomba na mvua. Nilipangiwa kijiji kipya cha ujamaa upande wa Misungwi. Watu walikuwa wamehamia juzi juzi kutoka makazi yao ya zamani, na nyumba nyingine zilikuwa hazijaezekwa. Shule yenyewe ilikuwa kuta za udongo zenye matundu badala ya madirisha. Upepo wa ziwa ulipita humo ulivyotaka, na vumbi likaufuata. Watoto walikuwa wengi kuliko matofali ya kukalia. Ili wa nyuma anisikie, nilipaza sauti. Jioni nikifundisha watu wazima, nikapaza tena. Koo lilipoanza kukwaruza nililipuuza. Wahenga walisema usipoziba ufa utajenga ukuta. Mimi ufa niliuona, nikaupa mgongo.

Ngoja kwanza nikueleze kwa nini chaki ilikuwa na thamani kwangu. Nilipokuwa mdogo huko misheni kwetu, waliosimama mbele ya ubao walikuwa Wazungu. Mtu mweusi aliyekuwepo aligonga kengele na kutupanga mistari. Siku moja sista akaugua, na msaidizi wake, mama mmoja mweusi kama mimi, akaishika chaki. Alitufundisha kujumlisha kwa kutusimulia habari za kuku wa jirani yake, na hata wenye vichwa vigumu tukaelewa. Jioni nilimwambia baba nataka kuwa kama yule mama. Baba hakucheka. Kwa hiyo uhuru ulipokuja na serikali ikawatafuta vijana wa kufundisha, mimi nilikwishajichagua zamani.

Sasa nchi imenikabidhi chaki, na sauti sina. Mganga wa zahanati alinichungulia koo akanikataza kusema, hata kunong'ona, mpaka atakaponiruhusu. Alisema nikikaidi, huenda isirudi kabisa. Mwalimu mkuu, Mwalimu Mabula, mtu mpole sana, alinieleza akitazama chini kwamba itambidi aiarifu wilaya. Ningehamishiwa kazi ya ofisini, na watoto wangu wangekaa nyumbani mpaka apatikane mwalimu mwingine. Lini, hakuna aliyejua. Nchi nzima ilikuwa ikitafuta walimu.

Nikaenda chumbani nikafunga mizigo. Sikutaka kungoja kuondolewa.

Jirani yangu alikuwa Bibi Nyanzobe, mwanafunzi wangu wa jioni, aliyeandika jina lake huku ulimi umemtoka pembeni kama mtoto. Aliniletea uji wa mtama, akaukuta mzigo mlangoni. Aliuweka uji chini, akaukalia ule mzigo, akajifunga kanga vizuri kama mtu asiye na haraka ya kuondoka.

"Mwalimu," akaniambia kwa Kiswahili chake cha darasa la jioni, "darasani mimi ni mwanafunzi wako. Kwenye ugonjwa wewe ni mjukuu wangu. Nani alikufundisha kwamba mwalimu hauguzwi?"

Nilishika koo, nikamwonyesha kwamba siwezi kujibu.

"Vizuri, leo utasikiliza. Zamani walimu waliotujia walikuwa wageni. Walikuja, wakaondoka, sisi tukaendelea kulima. Wewe tulipokuona, mweusi kama sisi, unakula michembe yetu ya viazi vikavu, tulisema huyu ni wetu. Sasa koo lako limechoka unataka kutukimbia gizani kama mwizi? Kama koo limechoka, chukua letu."

Nililia, mwanangu, bila sauti. Kulia bila sauti kunauma kuliko kule kwingine. Naye hakuniondokea mpaka uji ulipokwisha.

Asubuhi akaja darasani na kigoda chake. Watoto wakapiga magoti, wakamwamkia, "Mwangaluka," naye akaketi mbele yao kama amezaliwa hapo. Akaanza kusimulia kwa Kisukuma jinsi walivyohama kijiji cha zamani, jinsi paka wake alivyokataa kabisa kuhama, na jinsi walivyomkuta amefika kabla yao. Watoto walicheka mpaka wakaegemeana. Mwalimu Mabula akaja kusimama mlangoni, uso una wasiwasi, kwa kuwa lugha ya shule ni Kiswahili. Nikamwelekea mtoto mmoja, nikamwonyesha kwa mkono: sema hivyo kwa Kiswahili. Akasema. Nami nikaandika ubaoni: *Paka wa Bibi alifika kwanza.* Nikagusa neno moja moja kwa fimbo, nao wakasoma. Watoto ambao kwa miezi walinikodolea macho, siku hiyo walisoma, kwa sababu yule paka walimjua. Mwalimu Mabula aliondoka mlangoni kimya kimya, na barua ya wilaya hakuiandika.

Ikawa ndio utaratibu wetu. Leo Bibi, kesho mhunzi, keshokutwa mama aliyejua habari za ukame wa zamani. Jifya moja haliinjiki chungu, na mafiga yangu yalikuwa kijiji kizima. Mimi mwenyewe, niliyekuwa sijui Kisukuma, nilianza kukielewa, maana asiyeweza kusema hana budi kusikiliza.

Lakini mzee mmoja hakuja. Huyo ni Mzee Masanja, mtu wa ng'ombe wengi na mtunzi wa nyimbo za ngoma, msimuliaji aliyeheshimiwa kuliko wote. Shule hakuitaka. Binti yake Limi alipaswa kuwa darasani kwangu, lakini baba yake alisema jembe ndilo kalamu ya mwanamke. Mwenyekiti wa kijiji alimwendea, balozi wa nyumba kumi akamwendea, wote wakarudi walivyokwenda.

Kilichomleta ni wivu, nasema kweli. Alisikia kwamba Bibi Nyanzobe amewasimulia watoto habari za mtemi wa zamani na kiboko wa ziwani, na kwamba ameikosea hadithi yenyewe. Asubuhi tukamwona mlangoni na fimbo yake. Nilimwinamia kwa heshima, akaniitikia marahaba bila mimi kuitamka shikamoo. Akasema hakuja shuleni, amekuja kuinyosha hadithi.

Akaisimulia. Jamani, mzee yule alikuwa na kipaji. Kiboko alipozama, watoto walibana pumzi pamoja naye. Alipomaliza, nikaandika ubaoni yale maneno aliyomaliza nayo, kama watoto walivyonitafsiria, nikamwita mtoto mmoja mdogo asome. Mtoto akasoma polepole: *Maji yalitulia, lakini mtemi hakusahau.*

Mzee Masanja akauliza mtoto ameyatoa wapi maneno yake. Wakamwonyesha ubao. Akausogelea, akainua mkono lakini hakuugusa, kama anayeogopa kumwamsha mtu.

"Nikifa," akauliza, "huyu ataweza kunisema hivi?"

Nikaitikia kwa kichwa.

Akaushusha mkono. Halafu akamwambia Bibi Nyanzobe, aliyekuwa kwenye kigoda chake, kwamba kiboko alikuwa jike, asisahau tena. Akaondoka. Kesho yake Limi aliingia darasani, miguu imepakwa mafuta, baba yake amemsindikiza mpaka kizingitini. Limi ninayekusimulia habari zake alikuja kuwa mwalimu, akafundisha huko Nyakato mpaka alipostaafu.

Sauti yangu ilirudi taratibu, si ile ya zamani, ila ya kutosha. Baada ya mavuno kijiji kikaamua kunishangilia. Walichagua wigashe, ngoma inayoimbwa watu wameketi, kwa sababu, walisema, mwalimu wetu asichoke. Mzee Masanja alitunga wimbo. Ndani yake alimtaja mwalimu mkuu, akanitaja mimi, akamtaja na yule mama wa misheni kwetu, ambaye nilimsimulia mara moja tu niliporuhusiwa kusema. Fikiria, mwanangu: mwanamke aliyepewa chaki kwa sababu mwenzake ameugua, akaimbwa ng'ambo ya ziwa na watu wasiomjua.

Sasa nisikilize. Kama wewe ni mwalimu, usione aibu kuelemewa. Waambie watu mapema, kabla hujafunga mzigo, na uwaache wakuingilie darasani na vigoda vyao. Wanayoyajua ni masomo pia. Na kama wewe si mwalimu, basi uliwahi kuwa na mmoja. Usingoje msiba ndipo usimame kumsifu. Mpelekee uji akiwa hai. Ukikutana naye stendi ya Buzuruga, mpokee mfuko wake, mwamkie, umwambie ni kitu gani alikufundisha ambacho bado unacho. Watoto wako nao wasimulie majina ya walimu wako, maana watu weusi waliotufungulia macho wengi wao hakuna aliyewaandika popote. Mti hausifiwi kwa kivuli chake wakati umekwisha kukatwa.

Mungu akupe watu wa kukukalia mzigo siku utakapotaka kukimbia. Akupe na wewe miguu ya kuufikia mlango wa mwenzako kabla hajafunga mzigo wake. Nenda salama, mwanangu, ufundishe na ufundishike, na jina lako likatajwe kwa upole katika nyumba usizozijua.