Gari Lililonunuliwa kwa Ng'ombe Wangu

Kwetu Wakurya, kaka huoa kwa ng'ombe wa mahari ya dada yake. Mimi niliolewa, ng'ombe wakaja. Lakini dhahabu ilipowapandisha watu wazimu, baba na kaka waliwapeleka ng'ombe wote mnadani, wakanunua gari dogo la petroli lililoinuka kama jipu.

Kaka alilisifu kuliko alivyowahi kunisifu mimi niliyelileta. Injini ya cc 1800, silinda nne, gia otomatiki, matairi yote manne yanavuta. Kwenye lami ya kwenda Sirari lilikuwa tulivu, ungedhani limezimika. Basi akalipakia viroba vya mawe ya dhahabu kama lori. Kilima cha nyumbani kikalishinda: injini inalia, gari halisogei. Baba alisimama kando akilipigia mluzi, kama alivyokuwa akiwahimiza maksai shambani.

Mwaka huo mume wangu alinivunja mkono. Nilirudi nyumbani, nikamwamkia baba shikamoo, nikamwomba anitoe katika ndoa ile. Alijua, kama nilivyojua mimi, kwamba mwanamke haachiki mpaka ng'ombe warudishwe. Akaangalia uani.

"Mwanangu, ng'ombe wako ndio hao wameegeshwa pale," akasema. "Nitarudisha nini?"

Asubuhi kaka alishusha viroba, akafuta kiti cha mbele, akanirudisha kwa mume wangu. Tulipanda kilima kile kile. Injini haikulia hata kidogo. Gari lilipanda jepesi, kama vile halikubeba kitu.