Chipu Niliyomchagulia Mama

Baba alipofariki mama aliingia eda, na kabla ya mwezi kwisha kiharusi kikampata. Upande wa kulia ukalala, sauti ikamtoka. Simu hakuweza kuitumia tena, wala kuita. Nami karakana yangu iko chini, katika nyumba yetu hiyo hiyo ya mtaa wa Kibokoni, ghorofa mbili kutoka chumbani kwake. Hofu yangu ilikuwa moja: kwamba siku moja mama atanihitaji nami nisijue.

Miaka yote natengeneza vyombo vya watu, hili la mama litanishinda? Nikaamua kumtengenezea kitufe cha redio: abonyeze juu, kengele ilie kwangu.

Kazi yote ni chipu ya kurusha mawimbi. Nilikuwa nazo mbili mezani. Moja ndogo kama punje ya hindi, ya masafa ya juu, antena yake imechorwa pale pale kwenye bodi. Nyingine ya masafa ya chini, bodi yake kubwa, na yataka waya wa antena unaokaribia shubiri. Kila fundi anajua kwamba masafa ya chini hupenya ukuta vizuri zaidi. Hata mimi nilijua. Nikachagua ndogo, kwa sababu nilitaka kuitia ndani ya bangili, na nilishamwona mama moyoni mwangu akipendeza nayo.

Dada yangu, aliyekuwa akimuuguza, aliitazama bangili akanirudishia.

"Kaka, mama yuko edani. Wamvisha pambo?"

Niliona haya mpaka masikio yakawaka. Mjane hajipambi, hata mtoto anajua. Nikakitoa kitufe kwenye bangili, nikakitia katika kikoba cha kitambaa chepesi, tukakifunga kitandani kwa kamba ndefu. Hapo sababu ya kuchagua chipu ndogo ilikwisha, na ningeweza kubadilisha. Lakini programu nilikuwa nimeshaiandika, na mimi nikishaanza jambo sirudi nyuma. Mkaidi hafaidi ila siku ya idi. Nikaenda kuijaribu mtaa wa Buxton, kwenye uwanja wazi kwa rafiki yangu, kengele ikalia kutoka mbali sana nikavimba kichwa. Nyumbani niliijaribu mara moja tu, milango yote ikiwa wazi. Kuta zetu ni za matumbawe na chokaa, nene kupita kiasi. Nimezaliwa humo, na sikuzifikiria.

Chipu ile ina uwezo wa kurudisha jibu kwamba ujumbe umefika. Niliuzima uwezo huo ili betri idumu. Taa ya kijani niliifanya iwake kitufe kinapobonyezwa, basi. Nikamwambia mama, "Ukiona kijani, jua naja."

Mchana mmoja dada alikwenda sokoni, akafunga milango kwa sababu ya mvua. Nilikuwa chini na redio ya gari la mtu, naimba. Dada aliporudi nikasikia ukelele wake. Mama alikuwa sakafuni kando ya kitanda, nguo zimemlowa mkojo, kikoba mkononi, kidole bado kimeng'ang'ania kitufe. Taa ilikuwa ikiwaka.

Nilipiga magoti nikamweleza habari za kuta, masafa na antena. Nilieleza kama mwendawazimu. Mama alikuwa ameona kijani, akaamini nimesikia, akaningoja.

Wiki ile ile nikafunga chipu kubwa na waya wake. Sasa taa haiwaki mpaka kengele ilie kwangu. Niliijaribu milango ikiwa imefungwa, mara nyingi hata dada akanikataza. Nikamwekea mama kitufe kando ya mkono wake mzima.

"Mama, nisamehe. Ukitaka chochote, bonyeza. Nitakuja mbio, wallahi."

Nikashuka, nikakaa mbele ya kengele bila kushika kazi yoyote mpaka alasiri ikaadhiniwa. Haikulia. Nikajiambia huenda amelala, nikapanda kumtazama.

Alikuwa macho. Kitufe kilikuwa pale pale nilipokiweka. Shuka ilikuwa imelowa, naye ameugeuzia ukuta uso.