Mguu Mmoja kwa Tairi Moja

Majina yote ya watu wa kisa hiki ninayo kichwani, na majina ya baba zao, na la mbuzi wa jirani aliyekula karatasi za gari, ingawa huyo ana kisa chake. Siyaandiki. Wote wako hai, wote wana simu, na nyumba yangu iko karibu na barabara.

Basi nitasema hivi. Palikuwa na mjukuu wangu, mpishi katika hoteli ya pwani huko Bamburi, umri wake thelathini na akili yake kumi na miwili. Palikuwa na mkwe, baba wa msichana aliyechumbiwa, dereva wa malori aliyestaafu, mkaazi wa Utange. Na palikuwa na gari.

Gari lilikuwa la spoti, jekundu, viti viwili, limelala chini hata kuku wangu akipanda juu ya ndoo aliliona paa. Kuingia ni kama kushuka kisimani, na kutoka wataka watu wawili wa kukuvuta. Siku ya kwanza aliponipakia nilimwambia, "Mjukuu wangu, gari hili limekatwa miguu."

"Hawe, ndivyo lilivyoundwa." Wajukuu huniita hawe, ndiyo bibi kwa lugha ya kwetu. "Likiwa chini halipinduki."

"Hata maiti yuko chini na hapinduki."

Mkwe yeye hakufanya mzaha. Aliliona siku tuliyopeleka posa. Hakutazama rangi wala viti. Alichutama, akapitisha kidole juu ya tairi la nyuma, na kidole hakikupata pa kukwama. Lilikuwa kipara kama kichwa chake. Akainuka, akasema mbele ya wazee wote: "Harusi ni mwezi ujao, na mwezi ujao ni wa mvua. Binti yangu hapandi gari hili mpaka nione linakanyagia nini. La sivyo atakwenda kanisani na gari la jirani, bwana harusi afuate nyuma."

Gari la jirani lilikuwa pikapu ya kuchukulia kuku.

Mjukuu wangu alikonda. Kila jioni alikuja kwangu na simu, akinionyesha wazungu wanaozungusha magari kwenye uwanja uliomwagiwa maji, wakilinganisha tairi na tairi. Mwisho yakabaki mawili. La kwanza limetoka Japani, limetumika kidogo, jina lake liko ubavuni kwa herufi nyeupe kubwa hata mimi wa darasa la tatu nililisoma bila kukohoa. La pili jipya, la kiwanda ambacho hakuna anayekijua, lina mifereji mipana ya kutoa maji, na sura yake ni ya tairi la mkokoteni.

"Hili la Japani, Hawe, linashika kona kama mjusi kafiri ukutani."

"Kona gani? Kutoka hapa Kisauni mpaka kazini kwako kona ni moja, ya kwa muuza mihogo, na hapo wewe husimama ukala."

Lakini nilimwona hana raha. Akilichagua baya, bibi harusi anakwenda na kuku.

Matairi mimi nayajua kwa upande mwingine. Marehemu mume wangu alikuwa fundi wa akala, vile viatu vya tairi, na alipokufa aliniachia kisu, jiwe la kunolea, na wateja wenye vidole vibaya. Tangu hapo mtaa mzima wajua: tairi likiegemezwa mlangoni pangu ni langu. Halina mazungumzo. Wenye teksi huegemeza, walinzi wa mahoteli huegemeza, wakenda zao. Mimi huamka, humshukuru Mungu, huchukua kisu. Sijapata kuliuliza tairi baba yake ni nani.

Mjukuu wangu alijua hayo tangu akitambaa. Lakini mtu mwenye mchumba huwa na kichwa cha kuazima. Ijumaa, siku moja kabla ya mkwe kuja kukagua, aliomba kwa wauzaji tairi mojamoja, mzee ayaone yote mawili na achague. Akayaleta kwangu. Mimi sikuwapo, nilikuwa matangani. Na akayaegemeza wapi? Mlangoni.

Jumamosi asubuhi nikarudi, nikayakuta. Nikasema, Mungu hamtupi mja wake. Nikaanza na lile zuri, lenye herufi nyeupe; macho yaliyokesha matangani hayakumbuki picha za simu.

Ubavu wake ulikuwa mfupi, hautoi hata mkanda wa kiatu cha mtoto. Nikalilaani. Nikalowesha kisu kwa maji ya sabuni, nikachuna mpira wa juu, nikauacha waya chini. Sasa, tairi lenye afya ukilikata hunyamaza, hufunguka kama papai. Hili lililia. Krr, krr, kama mkate wa juzi. Nikadhani kisu kimekufa, nikakinoa. Likalia tena. Nilikuwa nishatoa soli mbili waliposimama mbele yangu, mjukuu na mkwe.

"Hawe! Umefanya nini?"

"Salamu kwanza."

"Shikamoo. Umefanya nini?"

"Marahaba. Nakata tairi."

"Hilo ni tairi langu la harusi! Tena si langu, ni la watu!"

"Limeegemezwa mlangoni," nikasema. Akaketi juu ya ndoo, akashika kichwa.

Nawaambia kweli. Nilijiona nimeikata harusi yenyewe kwa kisu cha marehemu. Lakini mkwe alikuwa hatusikilizi. Aliokota soli, akaikunja, na vyufa vidogo vikafunguka kama vya kisigino cha mtu asiyejipaka mafuta. Akaligeuza tairi ubavu kutafuta zile tarakimu nne zinazosema limezaliwa lini. Mtu alikuwa amezifuta kwa msasa.

"Miaka yangu yote barabarani nayapiga matairi teke," akasema polepole. "Sijaona ndani hata siku moja. Mama, kata na lile jingine."

Mjukuu akaruka. "Baba, hilo ni zima!"

"Ndiyo maana. Utamlinganishaje aliyepasuliwa na asiyepasuliwa?"

Nikalikata, mwenyewe akitazama. Lile la mkokoteni halikusema neno. Kisu kilipita kama kwenye papai.

"Kukatika si kushika," mjukuu akanung'unika. "Wazungu huyamwagia maji kwanza."

Hilo lilikuwa neno lake la kwanza la maana mwaka ule. Nikamtazama mkwe miguuni.

Na mkwe, kwetu, ni mtu wa heshima. Wamsalimu kwa adabu, wampa kiti kilicho kizima, humshiki mguu. Nacho kiatu hakikatwi bila kushikwa mguu: lazima usimame juu ya katoni, fundi auchore kwa mkaa. Nikamwambia, "Mkwe, niwie radhi, nautaka mguu wako." Akavua kiatu, akavua soksi yenye tundu, akageuza uso ukutani kama anayedungwa sindano. Nilipofika kwenye kidole gumba akapata mtekenyo, akatoa kicheko chembamba cha msichana. Heshima ya koo mbili ikaishia hapo juu ya katoni.

Mguu wa kulia nikamvisha Japani, wa kushoto mkokoteni, mikanda nikaitoa kwenye tyubu kuukuu ya baiskeli. Nikamwaga maji na sabuni ya unga juu ya sakafu ya saruji ninapofulia, penye mteremko.

"Haya, tembea."

Akatanguliza kushoto. Mguu ukakaa. Akaweka kulia, na kulia kukamkimbia, kukawa kunakwenda kwa jirani peke yake, naye akabaki ametanuka kama mkasi, ameng'ang'ania kamba ya nguo, gagulo langu limemfunika kichwa.

"Ngoja nirudie," akasema kutoka ndani ya gagulo.

Akarudia mara tatu. Mara tatu kulia kukakimbia.

"Umemwona mjusi wako?" akamwuliza mjukuu wangu. "Nunua lile lisilo na jina."

Mpira ukishazeeka, hata uwe wa ukoo gani, hushika kwa mdomo tu. Nasema hivyo na mimi ni mzee.

Mjukuu alimalizana na wauzaji, sikuuliza vipi, na siku mbili hakunisemesha. Kisha akafunga manne mapya. Mkwe akachukua akala zake. Nilitaka kumbadilishia cha kulia, akakataa. "Hiki ni shahidi, mama."

Siku ya harusi mvua ilishuka kama iliyoagizwa. Sisi watu wa bwana harusi tulifuata nyuma kwa gari la kukodi, na njia nzima nilikuwa natazama yale magurudumu yakipasua madimbwi. Hayakuyumba. Utange, mkwe alitungojea langoni, suti ya kijivu juu, akala chini. Akachutama na mvua ile, akapitisha kidole kwenye tairi. Kidole kikakwama. Akainuka, akamfungulia binti yake mlango yeye mwenyewe. Vigelegele nilianza mimi.

Hatukufika mbali. Kwenda, mjukuu alikuwa peke yake garini. Kurudi, palikuwa na bibi harusi na gauni la watu watatu. Kabla ya kufika lami, tumbo la gari likakalia tuta la katikati ya njia, likagoma. Matairi bora kuliko yote Kisauni yakawa yanazunguka kwa adabu juu ya matope bila kuyagusa.

Nyuma yetu pikapu ya kuku ikapiga honi.

Mkwe akashuka humo. Nikajua leo tumeaibika. Akaenda mpaka mlango wa binti yake, akatazama vile viatu vyeupe vya kisigino kirefu, akainama, akavua akala.

"Vaa."

"Baba! Hivi?"

"Vaa. Matairi hayana kosa, kosa ni la tumbo. Lakini cha kulia usikiamini."

Binti akacheka, akapandisha gauni mpaka magotini, akashuka. Kushoto kulikaa. Kulia kulimkimbia kila hatua, na upande huo ndiko alikotembea mjukuu wangu, akimrudisha, akimrudisha, mpaka lami. Mkwe nyuma yao, suti na miguu mitupu. Vijana wakalibeba gari kwa mikono, wakalitua barabarani, na bibi harusi akapanda tena akaenda nalo kanisani. Akala hakuvua. Picha ipo, vidole vya matope mbele ya mchungaji.

Baada ya wiki mkwe alikuja kwangu. "Mama, nikatie nyingine. Zile binti amekataa kunirudishia."

"Zote mbili za lile jipya?"

Alikuwa ameshavua soksi.

"La. Nikatie vilevile, mguu mmoja kwa tairi moja."

Akaweka mguu juu ya katoni, wala safari hii hakugeuza uso.